Moto Usio na Moshi

Wazee wetu walisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Neno hili ni la kweli, na hakuna aliyepata kulikanusha, kwa sababu kila jiko lalishuhudia. Lakini methali, kama mlango, ina pande mbili. Upande mmoja watwambia kuwa moshi ni dalili ya moto. Upande wa pili hausemi kitu juu ya mahali pasipofuka moshi. Je, pasipo moshi hapana moto? Mwenye haraka hujibu kuwa hapana. Mwenye kutafakari husita, kwa kuwa ajua jinsi makaa yawezavyo kulala chini ya majivu usiku kucha, na asubuhi yakamwunguza mtoto aliyedhani kuwa jiko limepoa.

Nataka kuzungumza katika insha hii juu ya moto wa namna hiyo: moto mkubwa ulalao chini ya visiwa vilivyozaliwa na volkano, usiotoa moshi wala mvuke, na ambao habari zake huletwa juu na maji. Wataalamu wa siku hizi huyapima maji ya visima wakatafuta ndani yake dalili za joto lililofichika, ili joto hilo, ambalo twaliita jotoardhi, ligeuzwe umeme. Kazi hii ni ya sayansi, na kwa upande wa sayansi ina wenyewe. Lakini ndani yake mna maswali mawili yasiyokwisha katika maabara. La kwanza ni hili: yatupasa kusadiki kwa kiasi gani kitu tusichokiona, kwa ushahidi wa dalili zake? La pili ni zito zaidi: tukiisha kujua kuwa kitu kipo, je, kujua kwetu ni haki ya kukichukua?

Tuanze na mahali penyewe. Katika Bonde la Ufa, huko Olkaria nchini Kenya, joto la ardhi halikujificha. Mvuke hufuka katika nyufa za miamba, na mtu apitaye huuona kwa macho. Waliojenga mtambo wa kwanza wa umeme huko, ulioanza kazi mwaka 1981, hawakuwa na haja ya kuuliza kama moto upo; waliuliza ni mwingi kiasi gani, na uko kina gani. Visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, ni habari nyingine. Vyote ni watoto wa volkano. Kīlauea, mlima ulio katika kisiwa kikubwa cha kusini-mashariki, ni miongoni mwa volkano ziwakazo mara nyingi kupita zote duniani. Lakini ondoka penye mlima huo, uvizunguke visiwa vingine, utaona misitu, mashamba na fukwe, na ni shida kuona popote chemchemi ya maji ya moto. Mtu angedhani kuwa moto umekufa.

Sababu ya kimya hicho ni maji yenyewe. Mvua ya milimani ni nyingi, na mwamba wa visiwa hivyo, uitwao basalti, una matundu na nyufa nyingi kama sifongo. Mvua ikinyesha haikai juu, huzama. Huko chini, maji matamu hukusanyika juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, yakaelea kwa kuwa ni mepesi zaidi. Na kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kiasi cha mita 40 huwa chini ya usawa huo. Joto lipandalo kutoka vilindini hukutana na maji haya yaliyofichika, likapozwa na kuchukuliwa kuelekea pwani kabla halijafika juu. Moto uko chini, maji yako katikati, na mtu yuko juu akidhani kuwa nchi imepoa. Kimya kina mshindo mkuu.

Lakini maji yaufichayo moto ndiyo yaitoayo siri yake. Maji hayapiti mahali bila ya kuchukua kitu na kuacha kitu. Maji ya bahari yana kloridi na magnesiamu kwa kipimo kijulikanacho: kwa uzito, kloridi ni kiasi cha mara 15 ya magnesiamu. Maji hayo yakikutana na mwamba wa moto, magnesiamu huachwa nyuma, ikaingia katika madini mapya yajengekayo mwambani, na kloridi huendelea na safari. Kwa hiyo kisima ambacho uwiano wake umepita 15 kwa mbali chasema kuwa maji yake yamepata kupita mahali pa joto. Kadhalika silika, sisemi silika ya moyo wa mtu, bali yale madini yajengayo mchanga na kioo. Maji ya moto huyeyusha silika nyingi kuliko maji baridi, na yakipoa huchelewa kuiacha. Hivyo huwa na kumbukumbu ya joto ambalo yenyewe hayanalo tena. Iko pia heliamu, hewa isiyofanya urafiki na kitu chochote. Namna yake moja, iliyo nyepesi zaidi, hutoka hasa katika vilindi vya dunia, na ikizidi katika maji ni ishara kuwa iko njia kati ya kilindi na kisima.

Basi mashahidi wamesema, na swali letu la kwanza limesimama mbele yetu. Je, tuwasadiki?

Kadhi mwema hamkatai shahidi kwa kuwa yeye kadhi hakuwapo wizi ulipotendeka. Wala hamkubali kwa kuwa amesema kwa sauti kubwa. Huuliza shahidi ni nani, alikuwa wapi, na kama iko sababu nyingine ya kusema asemayo. Mashahidi wa maji nao wana udhaifu wao. Katika Hawaii miwa ilipandwa kwa zaidi ya karne moja, na mashamba yake yalinyweshwa maji mengi. Maji hayo yalirudi ardhini yakiwa yamebeba silika kutoka katika udongo. Kisima kilicho chini ya shamba chaweza kuwa na silika nyingi pasiwe na moto wowote karibu. Aonaye silika hiyo akatangaza kuwa ameuona moto, amemsikiliza shahidi bila ya kuuliza alikolala usiku ule.

Ndiyo sababu watafutaji waaminifu hawatosheki na shahidi mmoja. Katika uchunguzi wa visiwa vyote vya Hawaii ulioanza mwaka 2014, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Hawaii kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, habari za maji ziliwekwa pamoja na habari za uzito wa miamba, za upitaji wa umeme ardhini, na za umri wa volkano. Kisha kila mahali pakapewa kiasi cha uwezekano. Hapakupewa ndiyo wala siyo. Mimi naona kuwa kiasi hicho cha uwezekano ni jambo la adabu kabla ya kuwa jambo la hesabu. Ni kukiri, kwa tarakimu na mbele ya watu, kuwa msemaji aweza kukosea.

Wanavyuoni wa pwani yetu, wakifuata elimu ya Kiislamu, hutenga daraja tatu za yakini, na desturi ya kuzieleza ni kuzifananisha na moto. Ya kwanza ni yakini ya elimu, ambayo ni ya mtu aliyepewa habari za moto au aliyeuona moshi wake. Ya pili ni yakini ya jicho, ambayo ni ya mtu aliyeuona moto wenyewe. Ya tatu ni yakini ya kweli, ambayo ni ya mtu aliyeingia motoni ukamchoma. Maji ya kisima hayatupi zaidi ya daraja la kwanza. Daraja hilo si la kudharauliwa, maana asiyelipanda hafiki juu. Lakini hasara nyingi za dunia zimetokana na watu waliosimama katika daraja la kwanza wakasema kama waliofika katika la tatu.

Lānaʻi ni kisiwa kidogo cha Hawaii ambacho volkano yake ilizimika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kwa fikira ya kawaida moto wake ungekuwa umesahauliwa hata na miamba. Walakini maji ya baadhi ya visima vyake yalikuwa na uvuguvugu usiotazamiwa. Mwaka 2019 wataalamu walichukua kisima cha maji kilichokuwapo wakakichimba zaidi, hadi kina cha karibu kilomita moja, ili wapime joto. Chini kabisa walikuta zaidi ya nyuzi 60 za sentigredi. Joto hili ni kubwa kuliko lile ambalo watu hutarajia katika mlima uliokufa, na ni dogo kuliko lile lihitajiwalo kuendesha mtambo mkubwa wa umeme. Maji hayakusema uongo, wala hayakusema yote. Atafutaye kweli huridhika na jibu la namna hiyo, kwa kuwa sasa ajua alichokuwa hakijui. Atafutaye faida tu hukasirika, akawalaumu mashahidi.

Na mara nyingine kilichopo huwa kikubwa kuliko dalili. Mwaka 2005, katika wilaya ya Puna chini ya Kīlauea, watu waliokuwa wakichimba kisima cha mvuke walikutana na mwamba ulioyeyuka, katika kina cha karibu kilomita mbili na nusu, wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Hawakuutafuta, wala hawakuutazamia hapo. Basi dalili yaweza kuahidi zaidi ya kilichopo, na yaweza kunyamazia kilichopo. Kwa hiyo jibu langu la swali la kwanza ni hili: tuisadiki dalili kwa kiasi cha kutosha kuuliza swali lifuatalo, na tusiisadiki kwa kiasi cha kutuziba masikio tusisikie jibu.

Sasa na tulikabili swali la pili. Tuseme kuwa maji yamesema kweli, na moto upo. Je, ni wa nani?

Puna yatupa kisa cha kufikiri. Kisima cha utafiti kilichokamilika huko mwaka 1976 kilikwenda chini karibu mita 2,000, na joto lililokutwa lilikuwa nyuzi 358. Kwa wahandisi ilikuwa furaha kubwa. Mtambo mdogo wa megawati 3 ulijengwa juu yake, ukafanya kazi mpaka mwaka 1989. Lakini pamoja na umeme ilikuja harufu: hewa ya salfa, inukayo kama yai bovu, ilifika katika nyumba za majirani, na majirani wakalalamika. Mwaka 1991 kisima kingine, cha mtambo uliofuata, kiliwashinda wachimbaji nguvu. Mvuke ulitoka kwa kishindo zaidi ya siku nzima, na baadhi ya wakazi wakalazimika kuhama nyumba zao mpaka kisima kilipofungwa.

Ilikuwako pia huzuni ya namna nyingine, ambayo haipimwi kwa pua. Kwa Wahawaii wenyeji volkano si mwamba tu. Ni makao ya Pele, mwenye moto. Masimulizi yao yasema kuwa Pele alifika kutoka upande wa Kauaʻi, akachimba shimo katika kila kisiwa kutafuta mahali pa kuuweka moto wake, na kila mara dada yake, mwenye bahari, alimfuata akauzima kwa maji, mpaka alipopata makao Kīlauea. Wanajiolojia nao, kwa njia yao, wamekuta kuwa visiwa hivyo vilizaliwa kwa mpango uo huo: Kauaʻi ina umri wa kiasi cha miaka milioni tano, na kisiwa kikubwa kilicho kusini-mashariki ndicho kichanga. Simulizi na sayansi si kitu kimoja, wala sitaki kuzichanganya. Lakini zote mbili ni kazi ya watu walioitazama nchi yao kwa makini. Watu waliousoma mlima kwa karne nyingi hawakustahili kuambiwa na mgeni kuwa chini yake hapana kitu ila joto lisilo na mwenyewe.

Karibu na hapo uko msitu wa mvua uitwao Wao Kele o Puna. Ardhi yake ilikuwa ya umma, na serikali iliibadilisha kwa ardhi nyingine ya mmiliki wa binafsi ili uchimbaji wa mvuke upate nafasi. Wenyeji waliozoea kuingia humo kuchuma dawa na majani ya kazi zao waliona kuwa msitu umetolewa bila ya wao kuulizwa. Mwaka 1990 watu wengi waliandamana mpaka kwenye lango la msitu, na zaidi ya mia moja wakakamatwa. Kesi zilifuata, kazi ikasimama, na mwaka 2006 msitu ulinunuliwa ukawekwa katika mikono ya Ofisi ya Mambo ya Wahawaii. Angalia jambo moja katika kisa hiki. Walioandamana hawakusema kuwa moto haupo. Wao walikuwa wa kwanza kusema kuwa upo. Kosa halikuwa katika kujua. Lilikuwa katika kuingia.

Katika nchi zetu mtu hafiki nyumbani kwa mwenziwe akaingia tu. Husimama nje akapiga hodi. Aweza kuiona taa chini ya mlango. Aweza kusikia vyombo vikigongana jikoni. Aweza kuwa na yakini kamili kuwa watu wamo. Lakini yakini yake haimfungulii mlango. Hupiga hodi mara tatu, na asipokaribishwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Hakuna mwenye akili asemaye: nimeiona taa, basi chumba ni changu. Ushahidi wa maji ni taa ile ya chini ya mlango. Watupa haki ya kupiga hodi. Hautupi karibu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa watu hawapikii adabu. Sehemu kubwa ya umeme wa Hawaii hutoka katika mafuta yaletwayo kwa meli, na wakazi wake hulipia umeme bei ya juu kupita majimbo yote ya Marekani. Mwaka 2015 jimbo hilo lilitunga sheria ya kutaka umeme wote utoke katika nguvu zisizokwisha ifikapo mwaka 2045. Jua hutua na upepo hutulia, bali joto la ardhi halilali. Kabla ya mwaka 2018 mtambo wa Puna ulikuwa ukitoa karibu robo ya umeme wa kisiwa kikubwa. Mwaka huo lava ilifurika, ikateketeza nyumba zaidi ya 700, ikafunika baadhi ya visima vya mtambo, nao ukazimwa. Umeme wake haukurudi mpaka Novemba 2020. Kwa muda huo mafuta yalichomwa zaidi. Moshi wa mafuta hauna makao: hupanda hewani ukawa wa watu wote, hata wa wale wasiopata kuwasha taa maishani mwao.

Hoja hii ni nzito, na aikataaye amejifanya asione. Akataaye moto usio na moshi, bila ya kusema taa itawashwa kwa kitu gani, amekwisha chagua moto wenye moshi na kumpelekea jirani moshi wake. Lakini naona kuwa hoja hii yalitia nguvu neno langu, wala haiivunji hodi. Kama kutotafuta ni kosa, basi hodi lazima ipigwe. Mwenye adabu si yule akaaye kwao asimtembelee mtu, bali ni yule atembeaye akasimama mlangoni.

Na hodi ya kweli ina masharti. Sharti la kwanza ni kusema yote, pamoja na shaka. Aliyepima maji akakuta dalili moja nzuri na mbili za kutatanisha, akaitangaza ile moja, hakupiga hodi, amejipenyeza dirishani. Sharti la pili ni wakati. Hodi hupigwa kabla ya kuingia. Anayeleta mitambo ya kuchimba kwanza, ndipo akaita mkutano wa wananchi, ni kama mgeni aliyekwisha kukaa kitini akauliza kama aweza kuingia. Swali lake si swali. Sharti la tatu ndilo gumu: kukubali kuwa jibu laweza kuwa la. Asiyeweza kupokea la hakuuliza. Ametoa habari tu.

Msomaji ataniuliza: je, ikiwa kijiji kimoja chakataa, na kisiwa kizima chahitaji? Sitaki kulikwepa swali hili, kwa sababu ndipo wema unapopambana na wema. Nasema kuwa sauti hazina uzito mmoja, kwa kuwa mizigo haina uzito mmoja. Umeme hupita katika waya ukafika mbali, bali harufu, kelele na hatari hubaki penye kisima. Pia kisima cha mvuke hupenya maji matamu ambayo watu wa mahali hapo hunywa, na kikijengwa vibaya wao ndio watakaoonja. Basi neno la yule atakayebeba hasara lastahili kusikilizwa kabla ya neno la yule atakayepokea faida, na lastahili kupimwa kwa ratili iliyo nzito zaidi. Lakini kutangulia si kumaliza. Akataaye naye adaiwa sababu, na adaiwa kusikiliza haja ya mwenziwe aliye gizani. La yenye sababu yaweza kujibiwa: kisima chaweza kusogezwa, hewa ya salfa yaweza kurudishwa ardhini, sehemu ya faida yaweza kubaki mahali palipoumia. Na ikiwa sababu ni ya heshima, isiyofidika kwa fedha wala kwa ufundi, basi mwenye haja aende kuutafuta moto mahali pengine. Hapo tena elimu ya maji huwa rehema: kadiri tujuavyo mahali pengi pawezapo kuwa na joto, ndivyo tunavyopungukiwa na udhuru wa kuuvunja mlango mmoja.

Wengine hudhani kuwa sheria imekwisha kulimaliza jambo hili. Sheria za Hawaii huihesabu nguvu ya mvuke wa ardhini katika madini, na katika ardhi nyingi madini ni ya serikali, ingawa udongo wa juu una mwenyewe. Nayo Lānaʻi, tangu mwaka 2012, karibu yote, kiasi cha asilimia 98, ni mali ya tajiri mmoja, hali ya kuwa maelfu ya watu wana makao yao juu yake. Sheria yatwambia ni nani atakayetia sahihi. Ni lazima iwe hivyo, maana pasipo sahihi pana ugomvi. Lakini mwenye sahihi na mwenye kustahili kuulizwa si mtu mmoja kila mara. Mtoto hana hati ya nyumba, walakini nyumba haiuzwi ikabomolewa yeye akiwa amelala ndani.

Habari hii haiishii Pasifiki. Ngazija, kisiwa cha ndugu zetu wa Komoro, kiko chini ya Karthala, volkano yenye kimo cha mita 2,361. Nacho hakina mto wa kudumu, kwa kuwa mwamba wake huinywa mvua kama ule wa Hawaii. Watu wake wametegemea tangu zamani maji ya mvua yawekwayo katika mabirika, na visima vya pwani vyenye chumvichumvi. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, na majivu yakaingia katika mabirika, watu wakateseka kwa kukosa maji safi. Sehemu kubwa ya umeme wao imekuwa ikitoka katika mafuta ya dizeli yaletwayo kwa meli. Joto la mlima huo limekwisha kuchunguzwa kwa nia ya kuligeuza umeme. Siku ya kuchimba ikija, maswali yatakuwa yale yale mawili, na safari hii yataulizwa kwa lugha iliyo karibu sana na yetu. Wanafunzi wetu wa leo huenda wakawa wao ndio watakaoshika chupa za kupimia maji. Ndiyo maana nimeona yafaa kuyaeleza maswali haya kwa Kiswahili, kabla hayajawafikia katika lugha ya mkataba.

Nimebakiza neno moja. Atakaye kuyapima maji ya kisiwa huanza kwa visima vya watu. Huenda kwa mwenye kisima, akamweleza haja yake, akaomba ajaziwe chupa moja. Mwenye kisima aweza kukubali au kukataa, na chupa iliyojaa ni ishara kuwa amekubali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya elimu hii, iliyo ndogo kupita zote, hupigwa kwa hodi na karibu. Hakuna mtaalamu aonaye kuwa kuombwa kwa chupa ya maji kwapunguza heshima ya sayansi. Ni ajabu, basi, kuwa tuombapo chupa moja twakumbuka adabu, na tutakapo mlima mzima twaisahau. Mwenye kuutafuta moto uliofichika na auanze mwendo wake kwa adabu ile ya kisimani, na asiiache njiani.

Pafukapo moshi pana moto, na pasipo moshi moto waweza kuwapo pia. Hayo tumeyajua kwa maji. Lililobaki kwetu ni kukumbuka kuwa kila moto una jiko, na kila jiko lina mwenyewe.